Si kila kitafunwacho huliwa

Jioni moja mwezi Machi mwaka huu, nikiwa ndani ya matatu iliyokwama katika msongamano wa magari kwenye barabara ya Thika, nilimwona kijana aliyeketi mbele yangu akimaliza vibanzi vyake. Alijifuta midomo, akafungua dirisha na kukitupa mtaroni kile kikasha cheupe chepesi alichouziwa navyo. Kabla sijatamka lolote aligeuka, akanitambua. Kumbe alikuwa mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu katika somo la semantiki. Nilimuuliza kwa upole kama hayo ndiyo tunayowafunza chuoni. Kijana alitabasamu kwa haya, kisha akanijibu: "Usijali, Mwalimu. Si hapo Kasarani kuna wadudu wanaokula plastiki? Watakila hicho."

Abiria waliokuwa karibu waliangua kicheko, nami nikacheka pamoja nao. Lakini usiku huo jibu la kijana yule lilinikosesha usingizi. Hakuwa mjinga, wala hakuwa amezusha habari. Mwaka 2024 vyombo vya habari vilitangaza kwamba watafiti wa hapa nchini walikuwa wamethibitisha kuwa buu wa mdudu fulani anaweza kula plastiki. Habari hiyo ni ya kweli, na ni ya kutufanya tujivunie wanasayansi wetu. Tatizo, msomaji mpenzi, limo katika kile kitenzi kifupi kilichotumiwa kuipasha, yaani kitenzi "kula".

Kitenzi hiki, ambacho mzizi wake ni konsonanti moja tu, kimebebeshwa mzigo mkubwa katika lugha yetu. Mtu hula ugali. Mfanyabiashara hula hasara. Mkubwa fisadi hula fedha za umma. Kutu hula chuma, na maji ya mafuriko hula kingo za mto. Hata hivyo, ni katika mfano wa ugali peke yake ambapo kinacholiwa huvunjwavunjwa, kikageuka kuwa nguvu na mwili wa mlaji. Fedha za umma zikiliwa huhama mfuko tu. Chuma kikiliwa na kutu hakimshibishi yeyote. Kwa hiyo mtu anapotuambia kwamba kiumbe fulani anakula plastiki, hatuna budi kumuuliza: anaila vipi? Anaitafuna, anaimeza, au anaimeng'enya?

Tofauti hiyo niliifahamu kwa uchungu kabla sijalisikia neno semantiki. Mwaka 1995 mama yangu alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, ambaye ilikuwa imekubaliwa nyumbani kwamba angeuzwa mwezi Januari ili nipate karo ya kidato cha kwanza. Ilipofika Novemba, ng'ombe huyo alianza kukonda ilhali tumbo lake likizidi kufura. Aliacha kucheua, kisha akaacha kusimama. Siku alipokufa, jirani aliyejua kuchinja alimpasua na kutoa tumboni bonge la mifuko ya plastiki lililosokotana kama kamba, kubwa kuliko kichwa cha mtoto. Majirani walisema ng'ombe alikuwa amekula plastiki. La hasha! Alikuwa ameimeza tu. Tumbo la ng'ombe, lenye uwezo wa ajabu wa kugeuza nyasi kavu kuwa maziwa, lilikuwa limeshindwa kabisa na kitu chepesi kuliko jani. Mimi niliingia sekondari muhula mmoja baada ya wenzangu.

Na mifuko ile tuliiita nini? Wengi wetu tuliiita "karatasi". Muuza duka aliulizwa kama ana karatasi ya kutilia nyanya, naye akatoa mfuko wa plastiki bila ya yeyote kushangaa. Bila shaka jina hilo lilirithiwa kutokana na mifuko ya kaki iliyoutangulia ule wa plastiki, na urithi wa aina hiyo ni jambo la kawaida katika lugha zote. Lakini jina lile lilibeba ahadi ya uongo. Karatasi huloa, huchanika, huoza na kusahaulika. Mrithi wake hakuoza wala hakusahaulika. Nahofia kwamba sasa, kwa kutumia kitenzi "kula" ovyo, tunajidanganya kwa mara ya pili.

Tuanze basi na swali la msingi: kwa nini plastiki haiozi? Tunaposema kwamba jani la mgomba limeoza, tunamaanisha kwamba limeliwa. Bakteria na kuvu wasiohesabika wameliendea, kila mmoja na vimeng'enya vyake, wakaikata minyororo mirefu ya molekuli zake kuwa vipande vidogo wanavyoweza kuvifyonza. Kuoza, kwa hakika, ni kuliwa na walaji tusiowaona. Plastiki nayo ni minyororo mirefu ya molekuli, ila minyororo hiyo haikuwapo duniani hadi mwanadamu alipoiunda. Polithini, inayotengenezewa mifuko, iligunduliwa na wanakemia wa Uingereza mwaka 1933. Ile ya chupa za maji na soda, ambayo wataalamu huiita PET, ilivumbuliwa huko huko mwaka 1941. Walaji wa majani wamekuwapo kwa mamilioni ya miaka. Chakula hiki kipya kimekuwapo kwa muda usiotimiza hata karne moja.

Hata hivyo, baadhi ya walaji hao wameanza kukifahamu. Mwaka 2016 wanasayansi wa Japani walitangaza katika jarida la Science kwamba, baada ya kuchunguza sampuli 250 za udongo, tope na majitaka kutoka mahali pa kuchakata chupa katika mji wa Sakai, walikuwa wamempata bakteria anayeweza kuitumia PET kuwa chakula chake kikuu. Walimpa jina la Ideonella sakaiensis, kwa heshima ya mji huo. Bakteria huyu ana vimeng'enya viwili: cha kwanza huukata mnyororo wa PET, na cha pili huvimalizia vipande vilivyosalia. Katika nyuzijoto 30, alikimaliza karibu chote kipande chembamba cha PET kwa muda wa wiki 6. Huyu, msomaji, hakutafuna wala kumeza. Huyu alikula.

Aliwezaje? Niruhusu nitoe mfano kutoka taaluma yangu. Neno "kitabu" lilitujia kutoka Kiarabu, ambako silabi yake ya kwanza haina uhusiano wowote na ngeli zetu. Lakini Mswahili alipoisikia hiyo "ki-", aliitambua kama kiambishi anachokijua tangu utotoni, akaunda "vitabu" bila kumwomba mtu ruhusa. Alilimeng'enya neno geni kwa vimeng'enya vya sarufi yake mwenyewe. Bakteria wa Sakai naye yu vivyo hivyo. Kimeng'enya chake cha kwanza ni cha ukoo wa vimeng'enya vinavyovunja kutini, kitu kinachojenga utando unaoyakinga majani ya mimea. Molekuli za kutini zimeungwa kwa viungo viitwavyo esta, na PET vilevile imeungwa kwa esta. Kiungo alichokizoea bakteria katika jani kimo pia katika chupa, ingawa chupa yenyewe ni ngeni.

Undugu huo wa jani na chupa si wa Sakai peke yake. Kimeng'enya kingine cha jamii hiyo kilipatikana katika mboji ya majani, katika jaa kama hilo ambalo mama zetu hutupia maganda ya ndizi. Watafiti wa mjini Toulouse, Ufaransa, walikiboresha kimeng'enya hicho, na mwaka 2020 wakaeleza katika jarida la Nature kwamba kiliweza kuvunja angalau asilimia 90 ya PET kwa muda wa saa 10, na kwamba malighafi iliyopatikana ilitengenezewa chupa mpya. Haya ni mafanikio makubwa. Lakini zingatia masharti yake: plastiki ilikusanywa, ikatayarishwa kwa kusagwa, ikatiwa ndani ya pipa maalumu, na kupashwa joto la nyuzi 72. Hakuna mtaro wa Nairobi wenye joto hilo, wala hakuna mto.

Zaidi ya hayo, PET ndiyo plastiki iliyo rahisi kuliwa. Polithini ya mifuko haina viungo vya esta. Uti wa mgongo wake ni kaboni iliyoshikana na kaboni, na mshikamano huo ni mgumu mno kuuvunja. Ni juu ya plastiki hii ambapo tumesikia habari za viwavi wa nondo wa nta. Mwanabiolojia Federica Bertocchini, aliyekuwa akifanya utafiti nchini Uhispania na ambaye hupenda kufuga nyuki, alikuwa akisafisha mizinga yake alipowatia viwavi hao katika mfuko wa plastiki. Baada ya muda mfupi aliukuta mfuko umejaa matundu. Yeye na wenzake walichapisha matokeo yao mwaka 2017: viwavi 100 walipunguza miligramu 92 za plastiki kwa muda wa saa 12.

Tufanye hesabu ndogo ya shule ya msingi. Tuchukulie mfuko mmoja una uzito wa gramu 5. Kwa kasi hiyo, viwavi 100 wangehitaji takriban siku 27 kuumaliza, mradi wasichoke wala wasigeuke kuwa nondo. Tena kuna utata kuhusu maana ya "kuumaliza". Mwaka huo huo wa 2017 wanakemia wa Ujerumani walihoji kama plastiki hiyo ilikuwa imevunjika kikemia, ama ilikuwa imetafunwa tu ikawa vipande vidogo. Mwaka 2022 Bertocchini na wenzake walirudi na ushahidi mpya kwamba mate ya viwavi hao yana vimeng'enya vinavyoanza kuivunja polithini kwa muda wa saa chache, nao wakavibatiza viwili kati yavyo majina ya miungu ya kilimo ya Wagiriki na Warumi, Demetra na Ceres. Mwaka 2024 watafiti wengine walirudia majaribio hayo wakasema hawakuuona uvunjaji huo. Mjadala ungali unaendelea, na hivyo ndivyo sayansi inavyopaswa kuwa. Jambo lisilo na mjadala ni kwamba nondo wa nta ni adui wa mizinga. Mfugaji nyuki wa Kitui au Baringo hatamshukuru mtu atakayeachilia viwavi hao kwenye majaa kwa kisingizio cha kusafisha mazingira.

Sasa tufike Kasarani, kwenye wadudu wa mwanafunzi wangu. Huko ndiko iliko icipe, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa wadudu iliyoasisiwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo. Makao yake yanaitwa Duduville, jina ambalo nusu yake ni letu. Watafiti wa hapo, wakiwamo Daktari Fathiya Khamis na wenzake, walimchunguza buu wa mdudu mdogo wa jamii ya dundu aitwaye Alphitobius, ambaye asili yake ni bara hili na ambaye huonekana sana katika vibanda vya kuku. Walimlisha polistirini, yaani ile plastiki nyeupe ya povu inayofungiwa televisheni mpya, na ambayo hutengenezewa vikasha vya vyakula. Baadhi ya mabuu walipewa polistirini peke yake, wengine pumba peke yake, na kundi la tatu likachanganyiwa vyote viwili.

Baada ya mwezi mmoja na siku kadhaa, matokeo yalikuwa ya kupendeza na ya kufunza. Mabuu waliochanganyiwa polistirini na pumba waliishi vizuri zaidi kuliko waliopewa polistirini tupu, na walikuwa wamevunja takriban asilimia 11.7 ya polistirini waliyowekewa. Ndani ya matumbo yao kulikuwa na bakteria ambao huenda ndio wafanyao kazi yenyewe. Lengo la watafiti hawa ni kuwatambua bakteria hao na vimeng'enya vyao, ili siku moja vitumiwe viwandani. Hawakusema kwamba mabuu yamwagwe Dandora, wala kwamba wametanda mitaroni wakingoja vikasha vya vibanzi. Buu, kama mtoto wa mtu yeyote, alihitaji chakula halisi ili apate nguvu ya kukabiliana na kisicho chakula. Na hata alipopewa pumba zake, sehemu kubwa ya plastiki ilisalia.

Nisieleweke vibaya. Wapo watakaosema kwamba, kwa kuwa matokeo ni madogo, utafiti wa aina hii ni upotezaji wa fedha. Sikubaliani nao hata kidogo. Plastiki iliyokwisha kutupwa haitarudi kiwandani kwa kuombewa, na vimeng'enya ni miongoni mwa nyenzo chache zinazoweza kuirudisha katika hali ya malighafi safi. Taifa lenye wadudu na bakteria wengi kama letu lingekosa busara likiwaachia wageni kazi ya kuwachunguza. Maabara zetu zapasa kufadhiliwa, na vijana wetu wa biolojia wapewe nafasi ya kuendeleza kazi iliyoanzwa Kasarani. Ninachokikataa ni kumgeuza buu kuwa udhuru.

Udhuru huo una gharama, kwa sababu kasi ya mlaji haikaribii kasi ya mtupaji. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba, tangu kuanza kwa utengenezaji mkubwa wa plastiki hadi mwaka 2015, dunia ilikuwa imetengeneza tani bilioni 8.3. Kati ya hizo, tani bilioni 6.3 zilikuwa tayari zimekuwa taka. Asilimia 9 tu ya taka hizo ndiyo iliyochakatwa upya, na asilimia 79 ilikuwa imelundikwa majaani au kutapakaa katika mazingira. Vipande vinavyosagika kwa jua na mawimbi havitoweki, bali huwa vidogo hadi visionekane kwa macho. Vikishatawanyika hivyo, hakuna pipa la Toulouse wala buu wa Kasarani awezaye kuvikusanya.

Sisi Wakenya tuna ushahidi kwamba njia nyingine ipo. Tarehe 28 Agosti 2017 marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza kutekelezwa nchini, ikiwa na adhabu ya faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo kisichozidi miaka 4. Tulilalamika sana. Tuliuliza mboga zitabebwaje. Leo tunabeba vikapu na mifuko ya kitambaa, na ingawa wapo waingizao mifuko ya magendo, miti na nyua zetu hazipeperushi tena bendera zile za plastiki kama zamani. Mwezi Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja zilipigwa marufuku katika mbuga na hifadhi zetu, na mwaka 2022 ikapitishwa sheria ya udhibiti endelevu wa taka, inayomtaka mwenye kutengeneza bidhaa awajibikie pia taka zake. Sheria hizi, pamoja na mapungufu yote ya utekelezaji wake, zimefanya kazi ambayo hakuna buu aliyekwisha kuifanya.

Mwezi Machi 2022, hapa hapa Nairobi, mataifa yalikubaliana katika kikao cha Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa kuandika mkataba wa kukomesha uchafuzi wa plastiki. Lakini mazungumzo ya Busan mwaka 2024 yalimalizika bila mwafaka, na yale ya Geneva ya Agosti 2025 yakawa vivyo hivyo. Kikwazo kikubwa kilikuwa swali la kama utengenezaji wenyewe upunguzwe. Kwa mtu asiyetaka upunguzwe, habari za buu mla plastiki ni tamu kama asali. Zinampa ruhusa ya kuendelea kupika kwa sababu eti mlaji amepatikana.

Kwa hiyo ninayo maombi mawili. La kwanza ni kwa wanahabari wenzangu wa kalamu: mnapoandika juu ya viumbe hawa, semeni wanavunja plastiki, semeni ni kiasi gani, kwa muda gani na kwa masharti gani. Kiswahili hakikukosa maneno ya kulieleza jambo hili kwa usahihi. La pili ni kwetu sote tunaokula vibanzi barabarani. Kikasha tukikimaliza, tubaki nacho hadi tufike penye pipa. Na bora zaidi, tumzoeze muuzaji kutuwekea chakula katika kitu kinachooza, au katika chombo tulichokuja nacho kutoka nyumbani.

Wiki iliyofuata nilimpa kijana yule na wenzake zoezi la kufafanua maana za kitenzi "kula" katika sentensi kumi, mojawapo ikiwa "Buu hula plastiki." Alijibu vizuri sana, nami nikampa alama zake. Lakini kikasha chake hakikurudi kutoka mtaroni kwa sababu ya alama hizo, na mvua za masika zilipokuja, mtaro ule ulifurika kama mingine yote.

Mama yangu angali na jaa lake nyuma ya migomba. Kila anapochimba mbolea kabla ya kupanda, jembe lake hutoa udongo mweusi ambao zamani ulikuwa majani na maganda, na katikati ya udongo huo hutoa vipande vya mifuko ya miaka ile ya tisini, rangi zake zikisomeka bado. Huviweka kando juu ya jiwe, kwa kuwa sasa anafuga ng'ombe mwingine. Wahenga walisema mla ni mla leo, mla jana kala nini? Kwa plastiki methali hii imepata jibu. Alichokula mla jana hakijulikani, lakini alichokitupa kingalipo, na mchuma janga hula na wa kwao.